Kirai, kishazi na sentensi: Kiswahili kinavyotutega tuandikapo Kiingereza

KATIBA ya chama chetu cha akiba iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo katiba nyingi za vyama humu nchini. Ni kurasa nne tu, lakini kwa miaka sita hakuna aliyejishughulisha kuisoma. Kisha ukaja mkutano wa mwaka. Tulikuwa wanachama 32, na 11 kati yetu hawakuwa wamelipa ada. Mweka hazina akasema hao 11 hawana kura. Mmoja wao, mzee mtaratibu ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akipandisha sauti, akaomba kifungu kinachohusu kura kisomwe. Kikasomwa: "Members, who have paid the annual fee, shall vote at the general meeting."

"Mwalimu, hebu tuambie," mwenyekiti akanigeukia. "Si wewe ndiye mtu wa lugha?"

Jibu langu halikumfurahisha mweka hazina. Kwa jinsi sentensi ile ilivyoandikwa, kila mwanachama ana kura, aliyelipa na asiyelipa. Koma mbili ndizo zilizowapa wale 11 haki yao. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Katika kelele zile niligundua kwamba watu waliosoma hadi chuo kikuu, watu wanaoandika ripoti za Kiingereza kila wiki, hawakuwa na habari ya jinsi kirai, kishazi na sentensi zinavyotofautiana. Walifunzwa shuleni, wakapita mtihani, basi. Nitakirudia kifungu chetu baadaye, maana hakieleweki vyema kabla ya kutazama vijenzi vyenyewe.

Kirai ndicho chepesi zaidi. Ni neno au kikundi cha maneno kinachofanya kazi moja katika sentensi, na ambacho hakina jozi ya kiima na kitenzi kinachobeba wakati. "The old bus from Kitale" ni kirai nomino. Neno kuu ni "bus", mengine yote yanalisindikiza. "Under the mango tree" ni kirai kihusishi. "Very slowly" ni kirai kielezi. Mwambie mtu yeyote "the old bus from Kitale" kisha unyamaze. Atakutazama akingoja umwambie basi hilo limefanya nini.

Hadi hapo hakuna tatizo. Utata huanza pale msomaji anapotakiwa kujua kirai kimeishia wapi, kwa kuwa Kiingereza hakitii alama yoyote mwishoni mwa kirai. Kuna kesi maarufu ya Marekani inayodhihirisha haya. Katika jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo wafanyakazi wa shughuli fulani za vyakula. Shughuli zenyewe ziliorodheshwa moja baada ya nyingine: kukausha, kugandisha, kuhifadhi na kadhalika, na orodha ikamalizikia kwa maneno "packing for shipment or distribution".

Sasa tazama. Ukisoma "for shipment or distribution" kama kirai kihusishi kimoja, shughuli inayotajwa ni moja tu: kupakia bidhaa kwenye vifungashio, ziwe ni za kusafirishwa au za kusambazwa. Madereva hawapakii vifungashio, wao husambaza maziwa, kwa hivyo sheria haiwagusi na malipo yao yapo pale pale. Lakini ukikata kirai baada ya "shipment", neno "distribution" linakuwa shughuli ya mwisho katika orodha, inayojisimamia. Hapo madereva wamo, na pesa hakuna. Mawakili wa madereva walitaja jambo ambalo mwalimu yeyote wa sarufi angelifurahia: kila shughuli katika orodha ile ilikuwa neno linaloishia kwa "-ing", ilhali "shipment" na "distribution" zote ni nomino za aina nyingine. Maneno mawili yanayofanana umbo yana haki ya kuwa ndani ya kirai kimoja.

Mnamo Machi 2017 mahakama ya rufaa ilisema kifungu kina utata, na kwamba katika sheria za mishahara za Maine utata husomwa kwa manufaa ya mfanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Watu wengi waliikumbuka kesi hiyo kama kesi ya koma, na kweli, koma moja kabla ya "or" ingemaliza ubishi. Hata hivyo, kazi ya koma ile ingekuwa ni kumwonyesha msomaji kirai kimeishia wapi. Kilichobishaniwa hasa ni mpaka wa kirai.

Hapa kwetu nasi tumewahi kubishania kirai. Kifungu cha 138(4) cha Katiba ya 2010 kinasema mgombea wa urais atatangazwa mshindi iwapo atapata zaidi ya nusu ya "all the votes cast in the election". Hicho ni kirai nomino, neno kuu likiwa "votes". Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, ambapo mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, yaani kura zisizofika 9,000 juu ya nusu ya jumla, Mahakama ya Juu iliulizwa iwapo kura zilizokataliwa nazo zihesabiwe katika jumla hiyo. Je, karatasi iliyoharibika ni kura "iliyopigwa"? Majaji waliamua kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe. Sisemi sarufi ndiyo iliyoamua; walikuwa na hoja nyingine za kisheria. Lakini mzozo mzima ulikalia neno dogo "cast" ndani ya kirai, kivumishi kilichotokana na kitenzi, kisichosema nani aliyepiga wala kama kura yenyewe ilikubalika.

Tuje kwenye kishazi. Hiki kina kiima na kina kitenzi kinachobeba wakati. Ndipo Kiswahili kinapoanza kututega.

Neno "Nimechoka" ni moja tu ukilitazama, ilhali limebeba nafsi, wakati, mzizi wa kitenzi na kiishio. Ni kishazi kamili. Ni sentensi kamili. Mswahili hahitaji kulitanguliza neno "mimi", na akilitumia ni kwa kusisitiza tu. Kiingereza hakina anasa hiyo. Kiima chake ni lazima kisimame nje, peke yake, mbele ya kitenzi. Ndiyo maana ujumbe kama "Am coming" au "Am in town", ambao Wakenya tunaandikiana kwenye simu kutwa kucha, ni kishazi kilichokatwa kichwa. Bila shaka sikio lina lawama yake hapa, kwa kuwa "I'm" ikitamkwa upesi husikika kama "am". Lakini nadhani sisi hatushtuki tunapokiona kiima kimepotea, kwa sababu lugha yetu imetuzoeza kwamba kiima kimo ndani ya kitenzi. "Am" inatutosha kama vile "ni-" inavyotutosha.

Mtego huo huo una upande wa pili. Katika Kiswahili tunasema "Baba yangu anafundisha Kakamega", na kile kiambishi "a-" hakiepukiki hata baada ya kumtaja baba. Mwanafunzi anayehamisha muundo huu anaandika "My father he teaches in Kakamega". Ameweka viima viwili kwa kitenzi kimoja. Mwalimu anapiga mstari mwekundu na kuandika "kosa", lakini ni nadra mwalimu kumweleza mtoto kwamba ile "he" ni ile "a-" ya Kiswahili iliyovaa suti. Mtoto akielezwa hivyo mara moja tu, halirudii kosa kwa urahisi. Nimeliona hili darasani mara nyingi.

Vishazi ni vya aina mbili, huru na tegemezi. Kishazi huru kinajitosheleza na ukikiwekea nukta kinakuwa sentensi. Kishazi tegemezi kina kiima, kina kitenzi, kina wakati, kina kila kitu, ila hakiwezi kusimama. Wengi hushangaa: kama kina kila kitu, kinakosa nini basi? Ukweli ni kwamba hakijakosa, kimezidishiwa. Chukua "He arrived home." Hiyo ni sentensi. Ongeza neno moja mbele: "When he arrived home". Umeongeza na papo hapo umeiangusha. Neno "when" linaahidi habari nyingine, na habari hiyo bado haijaja.

Linganisha na Kiswahili. "Alifika nyumbani" ni sentensi. "Alipofika nyumbani" si sentensi, na hakuna mtoto wa Mombasa wala wa Kisumu atakayekomea hapo. Utegemezi umo tumboni mwa kitenzi, katika "-po-". Ndivyo ilivyo kwa "akifika", "angefika", "aliyefika", "asipofika". Kitenzi chenyewe kinabadilika umbo, kwa hivyo sikio linakataa kukomea hapo. Kiingereza hakibadilishi kitenzi. "Arrived" ni ile ile, iwe katika kishazi huru au tegemezi. Mzigo wote umewekwa juu ya kijineno kilichotangulia, na kijineno ni rahisi kukisahau hasa sentensi ikirefuka. Unaanza na "Although", unaandika maneno ishirini, unaona kiima na kitenzi vimetimia, unatia nukta. Kumbe ahadi ya "although" hujaitimiza.

Ingefaa pia tujue kwamba si utegemezi wote wa Kiswahili unaokaa ndani ya kitenzi. Tunayo maneno yanayojitegemea kama "kwa sababu", "ingawa", "ili" na "ijapokuwa". Na katika insha nilizosahihisha, makosa ya Kiingereza hujaa hasa pale ambapo Kiswahili nacho hutumia neno huru: "Because my mother was sick." na "Although we tried our best." Sikumbuki kuyaona mengi yanayoanza na "if". Sina uhakika kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini inaafiki.

Halafu kuna "ingawa" inayofuatwa na "lakini". Katika mazungumzo tunasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulicheza", na hakuna anayekunja uso. Ukiipeleka hivyo kwa Kiingereza, "Although it rained, but we played", umefunga mlango kwa kufuli mbili. "Although" imekifanya kishazi cha kwanza kiwe tegemezi, kikiegemea kingine. "But" nayo inadai vishazi viwili vilivyo sawa pande zake. Kishazi cha kwanza hakiwezi kuwa tegemezi na sawa kwa wakati mmoja. Chagua kufuli moja, yoyote ile.

Kitu kingine kinachowasumbua watu ni maneno yenye "-ing". "The students singing in the hall." Wapo wanaoapa kwamba hii ni sentensi: wanafunzi wapo, kuimba kupo. Lakini "singing" haina wakati. Ni jana? Ni kesho? Hatujui, mpaka uweke "are" au "were". Kwa Kiswahili ni kama kusema "Wanafunzi wakiimba ukumbini" na kunyamaza. Msikilizaji atakuuliza: wakiimba, halafu?

Hapa niwaombe radhi walimu wenzangu, maana vitabu havikubaliani. Vitabu vingi vya shule hukiita kikundi kama "singing in the hall" kirai, kwa kuwa hakina kitenzi chenye wakati. Sarufi kubwa za kitaalamu, kwa mfano ile ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik iliyotoka mwaka wa 1985, na ile ya Huddleston na Pullum ya mwaka wa 2002, hukiita kishazi, ila kishazi kisicho na kitenzi cha wakati. Hoja yao ni nzito: ndani ya kikundi hicho kitenzi bado kinafanya kazi zake za kawaida, kinaweza kuchukua shamirisho na chagizo, na mtendaji anajulikana hata asipotajwa. Binafsi naona wataalamu wana haki, lakini kwa mtoto wa Kidato cha Pili ningebaki na mafunzo ya vitabu vya shule. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja linalomhusu: kikundi hicho kikiachwa peke yake si sentensi.

Sasa sentensi yenyewe. Tulifunzwa kwamba ipo sahili yenye kishazi huru kimoja, ambatano yenye vishazi huru viwili au zaidi, na changamano yenye kishazi huru pamoja na tegemezi. Sitakaa sana hapo, kila mtu anayajua. Ninalotaka kuligusa ni uunganishaji, kwa kuwa kosa la kuunganisha vibaya nimelikuta hata katika barua za maofisa wakubwa.

Kiswahili kina kiambishi "-ka-", zana ya msimulizi. "Aliamka, akaoga, akanywa chai, akashika njia." Vishazi vinne, koma tatu, hakuna kiunganishi hata kimoja, na sentensi ni safi kabisa. "-ka-" ndiyo gundi. Kiingereza hakina gundi hiyo. Ukiandika "He woke up, he bathed, he drank tea, he left", umebandika vishazi huru vinne kwa koma, na koma ya Kiingereza haina nguvu ya kushikilia vishazi huru viwili, sembuse vinne. Utahitaji nukta, au nukta mkato, au "and". Njia nyingine ni kuviondolea viima vitatu vya mwisho, ili kiima kimoja kihudumie vitenzi vinne: "He woke up, bathed, drank tea and left." Hii ya mwisho ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na mwendo wa "-ka-", na ndiyo ninayowashauri wanaoandika hadithi.

Ndugu yake kosa hilo ni "however". "I called him, however he did not answer." Kwa kuwa "lakini" yetu inafasiri "but" na "however" zote mbili, tunadhani ni pacha. "But" ni kiunganishi, ina kibali cha kuunganisha vishazi huru kwa koma. "However" ni kielezi. Haiunganishi chochote; inatoa maoni tu juu ya kishazi ilichomo. Inahitaji nukta au nukta mkato mbele yake, na kwa kawaida koma nyuma yake. Vivyo hivyo "therefore" na "nevertheless". Nimewahi kuona barua ya kumwachisha mtu kazi ambayo "therefore" tano zilikuwa zimening'inia kwa koma. Maskini yule aliisoma mara tatu asijue ni kosa lipi hasa lililozaa uamuzi upi, maana kila kishazi kilimwagikia kingine. Alipokata rufaa, jambo la kwanza aliloulizwa ni kueleza tuhuma zenyewe zilikuwa ngapi. Yeye alihesabu tatu. Mwajiri alihesabu mbili.

Nirudi kwa chama chetu. Ndani ya sentensi ile kuna kishazi huru, "Members shall vote at the general meeting", na kishazi tegemezi kilichopachikwa katikati, "who have paid the annual fee". Kishazi cha namna hii kina kazi mbili zinazowezekana. Kinaweza kubagua: kati ya wanachama wote, tunazungumzia tu waliolipa. Au kinaweza kuongezea maelezo: wanachama watapiga kura, na kwa taarifa yako, wamelipa. Kiingereza cha maandishi hutofautisha kazi hizi kwa koma. Bila koma, kishazi kinabagua. Kikizungushiwa koma mbili kinakuwa nyongeza, unaweza kukinyofoa na maana ya msingi ikabaki: "Members shall vote."

Kwa Kiswahili tungesema "Wanachama waliolipa ada watapiga kura", na "-o-" ile ya "waliolipa" ina mwelekeo mkubwa wa kubagua. Ukitaka nyongeza, aghalabu utatumia "ambao" na kituo cha sauti, au utavunja sentensi mbili. Nadhani ndicho kilichomponza katibu wetu wa kwanza. Alifikiri kwa Kiswahili, akasikia pumzi ndogo kabla ya "who", akaiandika pumzi hiyo kwa koma. Wengi tunatia koma kwa kufuata pumzi. Kiingereza cha sheria hutia koma kwa kufuata mipaka ya vishazi.

Mweka hazina alipinga: "Lakini kila mtu anajua tulichokusudia!" Alikuwa na haki, na pengine mahakama ingemsikiliza, kwa kuwa nyongeza inayodai kwamba wanachama wote wamelipa ilikuwa uongo mtupu siku ile. Tulikuwa na watu 11 wa kuthibitisha. Hata hivyo mzee yule mtaratibu alishikilia kwamba katiba isomwe kama ilivyo, si kama ilivyokusudiwa, na mwenyekiti akakubaliana naye.

Ikapendekezwa koma ziondolewe. Hapo likazuka swali jingine: nani ana kura juu ya kuziondoa? Mwenyekiti aliamua kwamba hadi dakika ile koma bado zipo, kwa hivyo sote 32 tunapiga. Tukapiga. Hoja ilipita kwa kura 19 dhidi ya 13. Katibu alizikata koma zote mbili kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi pembeni, na mzee akauliza ada inalipwa kwa nambari gani ya simu.